Jua Njia ya Kurudi: Mwongozo wa Gemu za Ulimwengu Wazi

Ukipita vibanda vya gemu vya Nakuru, kuanzia Kaptembwo na Rhonda hadi Bondeni na Free Area, skrini nyingi utazikuta zina mpira. Wawili wanaketi benchini, mechi inakwisha kwa dakika chache, aliyefungwa anaachia pedi mwingine aingie. Gemu ya ulimwengu wazi haina kipenga cha mwisho. Unawekwa mahali usipopajua, unapewa rungu au bastola yenye risasi za kuhesabu, halafu unaachwa. Ndiyo sababu bingwa wa mpira wa mtaa mzima huingia Elden Ring akauawa, akafufuka, akauawa tena pale pale, wenzake wakicheka nyuma yake, naye asione alipokosea maana vidole vyake ni vyepesi kuliko vya wote waliomo.

Vidole havina shida. Gemu hizi humpima mtu kwa swali jingine: unajua uko wapi, na mambo yakiharibika utarudi wapi? Anayeweza kulijibu hilo anaweza kuwa mpiganaji wa kawaida tu na bado akaizunguka ramani nzima. Asiyeweza, hata awe na shabaha ya askari wa GSU, atakufa na mali yake yote mgongoni.

Panda juu kabla ya kutembea

Nakuru ina mahali pazuri pa kujifunzia hili. Ukisimama kwenye ukingo wa Menengai, mita 2,278 juu ya usawa wa bahari, unaona kwa mara moja yale ambayo ungeyatafuta kutwa nzima ukiwa chini. Kusini, mji umelala kati yako na Ziwa Nakuru. Ukigeuka, kreta yenye takriban kilomita 12 kwa upande wake mrefu inakufungukia miguuni, lava nyeusi imeganda humo, na mvuke unapanda kutoka kwenye visima vya umeme wa jotoardhi. Hujateremka hata hatua moja, lakini tayari unajua maji yako wapi, watu wako wapi, na ni upande gani hutaki kushukia bila mwenyeji.

Waundaji wa gemu wanaijua nguvu hiyo. Assassin's Creed ya 2007 ilieneza mtindo wa kupanda minara ili ramani ifunguke, na ukaigwa kila mahali hadi ukachosha. The Legend of Zelda: Breath of the Wild ya 2017 ililifanya jambo hilo kwa ustadi zaidi. Inakuanzishia juu ya uwanda ulioinuka, genge pande zote, na huna njia ya maana ya kushuka mpaka upewe kitambaa cha kuelea hewani. Saa za mwanzo zote unazitumia ukiitazama nchi ambayo bado hujaikanyaga, na utakaposhuka unakuta tayari una maoni yako juu yake.

Kwa hiyo ukiingia ramani mpya, tafuta mwinuko wa karibu, usimame, uzungushe macho polepole. Tafuta maji, kwa sababu ukifuata mto hupotei hata usiku, na makazi mengi yako kando yake. Tafuta barabara, ujue iko upande gani hata kama huna nia ya kuifuata. Tafuta moshi: katika Ghost of Tsushima moshi wa mbali una maana ya watu, wawe wanaopika au wanaochomewa nyumba. Kisha tafuta kitu kisichofanana na mazingira yake, mti uliopita yote kwa urefu, mnara uliobomoka, jiwe lililosimama peke yake. Kuna msanii aliyelipwa kukiweka pale, na mara nyingi kuna kitu chini yake. Aliyewahi kuendesha baiskeli katika Hifadhi ya Hell's Gate akapita Fischer's Tower ameshauonja mvuto huo. Jabali moja limechomoza kwenye uwanda na jicho haliwezi kulikwepa, hata uwe umekuja kutazama pundamilia.

Ukishashika alama hizo, funga ramani. Kale karamani ka duara pembeni mwa skrini kanamfanya mchezaji awe mtu wa kufuata mstari. Kazime, utamkuta hajui hata jua linachomoza upande gani. Red Dead Redemption 2 inakuruhusu kukazima, na nakushauri ukazime kwa saa moja ya mwanzo, uone unavyoanza kuangalia vilima. Ghost of Tsushima haina kabisa. Unauamsha upepo, nyasi zinalala kuelekea unakokwenda. Elden Ring nayo hukupa ramani tupu hadi uokote kipande cha eneo husika, na wengi huhangaika wiki nzima wakidhani kimefichwa. Itazame vizuri ile ramani tupu: kwenye mstari wa barabara kuna kialama kidogo cha nguzo. Kipande kiko hapo.

Wala usiiamini ramani ya jana. Waliozoea Hifadhi ya Ziwa Nakuru ya zamani wanajua maana ya hili: maji yalipopanda katika miaka ya 2010 yalilimeza lango kuu la zamani pamoja na barabara za kando ya ziwa, na aliyekuwa na ramani ya awali akabaki na karatasi. Gemu pia hubadilika ukiwa umegeuka. Kambi uliyoisafisha katika Breath of the Wild hujaa tena maadui mwezi mwekundu ukichomoza. Mahali palipokuwa salama mara ya mwisho, pachungulie tena kabla ya kuingia kwa kishindo.

Uliza bei ya kifo

Kila gemu ina bei yake ya kufa, na mgeni huijua akiwa amebeba vya kupoteza. Fanya kinyume. Ukishatembea dakika kumi za mwanzo, bado huna kitu mfukoni, nenda ukafe kwa makusudi. Ruka genge, mchokoze askari. Angalia unaamkia wapi, umepungukiwa na nini, na umetumia muda gani kurudi ulipokuwa.

Katika Grand Theft Auto: San Andreas, ile ya 2004 iliyowalea wachezaji wengi wa PS2 nchini, ukifa unaamkia hospitalini, silaha zote zimekwenda na bili imekatwa. Elden Ring inakuacha na silaha lakini inamwaga rune zako zote, yaani fedha ya humo, pale ulipoangukia. Zifuate uziokote, ukifa tena njiani, zimepotea moja kwa moja. Minecraft huacha mzigo wako chini kwa dakika 5 tu ukiwa karibu, kisha unatoweka, na kama hukulala kitandani kwanza utaamkia mahali ulipoanzia gemu, pengine mbali sana na pango lako. Red Dead Redemption 2, ya 2018, inakusamehe wewe kuliko inavyomsamehe farasi. Farasi akifa bila dawa ya kumwinua, amekufa, na yule uliyemzoeza akakuamini harudi.

Bei hizo ndizo zinazokuambia jinsi ya kutembea. Palipo na hospitali inayonyang'anya silaha, usitembee na bunduki ya bei kubwa kwenda kununua chakula. Palipo na rune za kumwagika, zitumie kabla ya kuingia pango usilolijua. Tajiri hana sababu ya kuchungulia shimo. Palipo na kitanda, kitandike kabla ya kuchimba, ulale mara moja, ndipo uchukue sururu. Na katika Minecraft usichimbe moja kwa moja chini ya miguu yako. Kila mtu huambiwa hivyo, na kila mtu huenda kuoga lava mara moja.

Halafu kuna hesabu ya kurudi. Dawa zikifika nusu, geuka. Nusu iliyobaki ni ya njia ya nyumbani, na njia ya nyumbani huwa ndefu kwa sababu unaipita ukiwa umechoka, mzigo umejaa, pengine usiku umeingia. Wapandao Longonot wanalijua hili. Anayemaliza maji yake akiwa bado anapanda atauzunguka ukingo wote na kuteremka na koo kavu, na kule juu hakuna kioski. Ukiona mwenzako kibandani anatumia chupa yake ya mwisho ya dawa kwa sababu bosi amebakiza damu kidogo, mtazame vizuri. Huyo atarudi kuomba muda wa ziada.

Kukimbia ni ufundi

Elden Ring ilitoka Februari 2022, na ukitoka tu nje ya pango la mwanzo unamkuta mpanda farasi wa dhahabu akizunguka uwanjani, mkuki mkubwa mkononi. Maelfu ya watu walimkimbilia kwa sababu gemu nyingine ziliwafundisha kwamba adui wa kwanza ni wa kujaribia. Huyu si wa kujaribia. Amewekwa ili ujifunze kupita pembeni, kwenye miti, huku ukitazama mgongo wake. Utarudi kumshughulikia siku nyingine, ukiwa na farasi wako.

Kuna namna ya kukimbia na namna ya kutawanyika. Anayetawanyika hugeuza pedi popote, akaishia kwenye kona au kwenye kambi nyingine, sasa ana maadui mara mbili. Anayekimbia vizuri ameshachagua njia kabla ya pigo la kwanza: mteremko, kwa sababu hauli pumzi, maji, kwa sababu wengi wao hawaogelei, mlango mwembamba, kwa sababu mnyama mkubwa hapiti. Ukiwa unapanda ukuta wa mwamba, usimalize kile kipimo cha pumzi hadi mwisho. Bakiza cha kukushikilia. Na ukiona adui amesimama ghafla akageuka kurudi, umevuka mpaka wake. Weka alama hapo akilini, maana mpaka huo utautumia tena, safari hii kwa kumrushia mishale ukiwa ng'ambo.

Askari wa wanyamapori aliyezoea kazi hapimani nguvu na nyati. Anatazama upepo, anatafuta mti, anampa nafasi. Wachezaji wengi wana bunduki za kutunga zinazowapumbaza wakasahau adabu hiyo.

Far Cry 2, mwalimu mkali

Ungeniomba gemu moja ya kumfundisha mtu kunusurika, ningekupa ya zamani: Far Cry 2, ya Oktoba 2008, kutoka studio ya Ubisoft ya Montreal. Inacheza kwenye PS3 iliyochakaa na kwenye kompyuta ya kawaida tu. Inatokea katika nchi ya Afrika isiyotajwa jina, iliyo vitani, na kabla ya kuichora baadhi ya waundaji wake walikuja Kenya kuitazama savana. Inaonekana. Nyasi ndefu za manjano, migunga, vumbi linalobaki hewani baada ya gari kupita, ule mwanga wa saa kumi na mbili jioni: utadhani umeegesha gari mbele kidogo ya Gilgil. Kisichoonekana ni watu. Raia karibu hawapo, hakuna soko, hakuna mama wa mahindi ya kuchoma, hakuna hata matatu. Ni Afrika ya wenye bunduki peke yao, na mchezaji wa hapa ana haki ya kukereka. Lakini kwa somo letu haina mpinzani, kwa sababu haikubembelezi hata kidogo.

Anza na moto. Humo nyasi kavu zinashika, na moto unafuata upepo. Kabla ya kurusha chupa ya petroli, tazama nyasi zinalalia upande gani. Kaa upande upepo unakotoka, washa nyasi zilizo kati yako na kambi, kisha usifanye lolote. Kazi itafanywa na upepo, na walinzi wa kambi watatoka mbio wakikohoa, wewe umelala nyuma ya jiwe. Ukikosea upande, huo moto ni wako na utakujia mwenyewe. Basi usikimbie mbele yake. Zunguka uingie pale palipokwisha kuungua, kwenye majivu, ambapo hakuna kilichobaki cha kuwaka. Wafugaji wanalijua hili bila kufundishwa na Ubisoft.

Bunduki unayoiokota kwa maiti ina kutu. Itakwama katikati ya vita, na ikizidi kuchakaa itakulipukia mikononi. Silaha ya kutegemea ni ile uliyoinunua kwa almasi, nayo ibadilishe kabla haijaanza kubadilika rangi. Almasi ziko kwenye mikoba iliyofichwa porini. Ukikaribia, taa ndogo ya kijani kwenye kifaa chako huanza kumetameta. Tumia safari za kutafuta almasi kama safari za kujifunza nchi, utapata vyote viwili.

Kuhusu vizuizi vya barabarani, wachezaji wengi waliilaani gemu hii kwa ajili yake. Unaua walinzi wote, unakwenda mbele kidogo, ukirudi wapo tena wote, wazima. Ni kweli inakera. Lakini mwenye kukasirika ameshikilia wazo kwamba barabara inaweza kuwa yake, na gemu inamwambia si yake. Acha kusafisha njia. Pita nyuma ya kilima kwa miguu, teremka mto kwa boti ukiwa umezima injini karibu na daraja, au panda basi: kuna vituo vya basi vinavyokuvusha toka kona moja ya ramani hadi nyingine. Gari ukiliacha, liache likitazama ulikotoka. Ni jambo dogo la sekunde tatu, na ndilo litakalokutoa siku risasi zitakapoanza kupenya kioo.

Shujaa ana malaria tangu siku ya kwanza. Ghafla macho yanafifia, mikono inatetemeka, unameza kidonge. Vidonge vikiisha, unawatafuta raia waliojificha, unawapelekea hati za kusafiria, nao wanakupa dawa. Kanuni ni kutoanza misheni yoyote ukiwa na kidonge cha mwisho. Ila usitoke hapo na elimu mbaya: malaria ya kweli hutibiwa kwa dozi ya siku 3 inayomalizwa yote hata kama siku ya kwanza umejisikia nafuu. Kidonge kimoja kimoja kila unapotetemeka ni mambo ya sinema.

Na kuna rafiki. Ukianguka vitani, mmoja wa wenzako huja mbio, akakuburuta, akakupa bastola. Atafanya hivyo mara moja, kisha lazima uende nyumba salama umwandae tena. Watu husahau safari hiyo kwa sababu haina mapigano. Usiisahau.

Mvua ikinyesha, badilisha mpango

Gemu nzuri za miaka ya karibuni hazifanyi hali ya hewa kuwa pambo. Katika Breath of the Wild mvua ikianza, miamba inateleza na kupanda kunakuwa kazi bure. Radi ikianza kunguruma, vua kila cha chuma, upanga na ngao, kwa sababu vitaivuta radi ikupige wewe. Ukiona cheche zinaanza kuzunguka ngao mgongoni, una sekunde chache tu. Red Dead Redemption 2 hupima nguo: panda milima ya theluji na shati la jangwani uone uhai unavyopungua. Mwindaji humo hutazama upepo pia, maana swala akinusa harufu yako hutamwona tena. Badala ya kusubiri mvua ipite ukiwa umekwama katikati ya mwamba, shuka, koka moto chini ya jabali, pika. Chakula kilichopikwa wakati wa mvua ndicho kitakachokuvusha baridi ya kesho.

Hapa nitoke nje ya skrini kidogo. Korongo la Ol Njorowa, ndani ya Hell's Gate, limewahi kuonekana na dunia nzima, maana filamu ya Lara Croft ya 2003, iliyotokana na gemu ya Tomb Raider, ilipigwa kwa sehemu katika hifadhi hiyo. Kuta zake nyembamba zinazopinda zinamwita kila mtu aliyecheza gemu za kuruka miamba. Lakini mafuriko ya ghafla katika korongo hilo yaliua watu Aprili 2012, na tena Septemba 2019. Maji hayo hayatoki kwenye wingu lililo juu yako. Mvua inanyesha mbali, upande wa juu, unasikia mngurumo, na kuta hazina pa kupandia. Ukienda huko, uliza langoni kama korongo limefunguliwa, mwambie mwongozaji wa eneo akuonyeshe njia za kutokea kabla hamjashuka, na mkiona giza la mvua upande wa juu wa bonde mtoke, hata kama nyinyi mnapigwa na jua.

Kunusurika ndani ya kibanda

Sasa adui ambaye hakuna gemu iliyomchora: saa inayolipiwa. Mpira unafaa kibanda kwa sababu mechi ina mwisho. Ulimwengu wazi hauna, kwa hiyo lazima uupe mwisho mwenyewe. Ukilipia saa moja, dakika za mwanzo zitumie kukumbuka: umesevu wapi, una misheni gani, una risasi ngapi. Kati hapo, chagua jambo moja, ama misheni ama kuzurura, usichanganye. Dakika kumi zikibaki, anza kurudi mahali pa kusevu, hata kama umeona pango jipya. Hasa San Andreas ya PS2, ambayo haijisevu yenyewe: lazima ufike nyumbani, usimame kwenye kile kidiski kinachozunguka. Kila kibanda kina kijana anayelia: "Brathe, niongezee dakika tano tu, niko karibu na keja!" Mwenye gemu ameisikia sentensi hiyo kuliko jina lake, na nyuma yako kuna wanne wanaosubiri mpira.

Swali la pili ni nani mwingine anagusa faili yako. San Andreas ina nafasi 8 za kusevu, na mtaa una vijana wengi kuliko hizo. Kubaliana mapema na mwenye gemu nafasi ipi ni yako, na umwombe aandike kwenye karatasi ukutani. Kwenye PS4 mambo ni rahisi: kila akaunti hutunza faili zake, kwa hiyo mwombe akufungulie akaunti yako, uiite jina ambalo hakuna atakayelikosea. Usikubali kamwe kucheza kwenye akaunti ya kila mtu, maana saa utakazopoteza hapo hazina wa kukurudishia.

Stima nayo. Msimu wa mvua ndefu, alasiri mawingu yakishuka kutoka upande wa Mau, sevu kila unapopata nafasi. Gemu zinazojisevu zenyewe zina alama ndogo inayozunguka pembeni ikiwa inaandika. Stima ikipotea wakati huo huo, faili inaweza kuharibika. Ukisikia ngurumo ya kweli, nje ya dirisha, simama mahali salama, sevu mara mbili kwenye nafasi mbili tofauti, ndipo uendelee. Na usiiache mashine kwenye usingizi ukaenda nyumbani. Izime.

Bado kuna vibanda vyenye karatasi za daftari zilizojaa chiti za San Andreas, zimebandikwa kwa selotepu. Sina ugomvi nazo. Kifaru cha vita kinachoshuka kutoka mbinguni ni raha ya aina yake. Ila chiti na faili yako ya kweli visikutane. Ukishapiga chiti, usisevu juu ya faili unayoijali. Ile inayowafanya wapita njia wote wazue ghasia haizimiki tena ukishasevu nayo, na utaumaliza mchezo mzima ukipigwa na bibi vizee kila unaposhuka garini.

Humo humo San Andreas, usiivuke mipaka ya mwanzo kwa gari. Kabla misheni hazijafungua miji mingine, ukivuka daraja tu unapata nyota 4 za polisi, na helikopta haichelewi. Jenga mapafu na miguu ya CJ, mhusika wako, badala yake: kimbia, ogelea, piga mbizi. Wachezaji wengi hudhani mazoezi haya ni mchezo wa pembeni, mpaka siku misheni inapowadai kuogelea.

Watoto nao. Gemu za Grand Theft Auto na Red Dead zimewekewa alama ya miaka 17 au 18 kwa sababu za wazi, na mwenye kibanda anayejua kazi yake hampi mtoto wa gredi ya nne pedi ya San Andreas, hata akija na hela yake mkononi. Minecraft inamtosha, na itamfundisha mengi zaidi ya haya.

Asiyetaka kibanda anaweza kuanzia kwenye simu. San Andreas iliingia kwenye simu Desemba 2013 na huchezwa bila bando; Minecraft pia, na ndani ya mipangilio ya dunia yako washa kile kinachoonyesha namba za mahali ulipo, uziandike za nyumbani kwako kwenye karatasi. Genshin Impact ya 2020 haina malipo na mandhari yake yanavutia, lakini hula gigabaiti nyingi na haiendi bila intaneti, kwa hiyo ishushe ukiwa kwenye Wi-Fi ya mtu mkarimu. Punguza ubora wa picha, funga programu nyingine, uchomoe chaja simu ikipata joto. Na ukiwa ndani ya matatu ya kwenda Njoro au Molo, funga gemu unapokaribia steji yako, si unapofika; kondakta hasubiri mtu amalize kupigana.